Nafasi ya Tegwyn Bevan, Safu ya Nyuma

Mwaka umetimia, Tegwyn, tangu ulipouacha ubeti katikati chini ya sinki la Bi. Olwen.

Bado anamhadithia kila anayemkuta pale kituo cha basi. Anasema ulikuwa umelala chali sakafuni, spana mkononi, unavumisha tenzi mdomo umefumba kama kawaida yako, kisha ukanyamaza. "Mimi nilidhani anavuta pumzi," anasema. "Watu wa kwaya si huvuta pumzi? Nikasubiri aendelee. Nikasubiri weee." Maji yaliendelea kutiririka muda wote huo. Aliyekuja kufunga koki ni kijana wa gari la wagonjwa, na tunajua jambo hilo lingekuudhi kuliko yote yaliyokupata siku ile, mtu asiye fundi kukumalizia kazi.

Kijiji chetu kizima cha Abergwernan kilikuita Tegwyn Bomba, maana hapa bondeni akina Bevan tumejaa na mtu hana budi kuitwa kwa kazi yake. Ulikuwa mtu wa maneno machache. Siku ulipokuja kumposa Nesta, baba yake alikukalisha kwenye kiti kizuri akakuuliza una lipi la kusema. Ukasema tangi lake linavuja. Akapanda darini kuangalia, akakuta linavuja kweli, na posa ikakubaliwa hapo hapo.

Majira ya baridi, mabomba yalipoganda na kupasuka, ulikuwa unapita kwa wajane kabla ya kifungua kinywa chako mwenyewe. Ulikataa malipo lakini keki hukukataa. Uliitia mfukoni, ukaisahau, na Nesta akaja kuifua pamoja na suruali. Alikugombeza kwa hilo miaka yote ya ndoa yenu. Sasa anapekua mifuko ya nguo zako na hakuti hata chembe, na hilo nalo linamkasirisha.

Hukuwa mwongeaji, lakini kukaa kimya hukukaa. Uliimba besi ya pili katika kwaya ya wanaume tangu ujana wako, safu ya nyuma, kati ya Emlyn Posta na ukuta, na kwaya ikiisha ulirudi nayo nyumbani. Ukinyoa, besi. Ukimenya viazi, besi. Wimbo wenyewe hatukuwahi kuusikia kwako hata siku moja, ni ile sehemu ya chini tu, ile inayotembea polepole huku wengine wakipaa. Watu walikuwa wakiwasifu wenye sauti za juu, wewe ukitabasamu tu. "Besi nzuri ni sawa na bomba zuri," ulisema. "Ukianza kuisikia, ujue kuna tatizo."

Kwa hiyo sisi wa nyumba yako tulikua tumejifunza nyimbo zote za kanisa kwa chini. Heulwen, binti yako, alipoanza shule alitolewa kwenye kwaya ya watoto wiki ya kwanza. Mwalimu wake alikuita, akakulalamikia kwamba mtoto ana sauti nzuri ila anavuruga wenzake, kila wimbo anaimba kitu chake. Ukamwambia Heulwen aimbe. Akaimba, mikono nyuma, macho juu. Ukacheka hadi ukashika meza.

"Mbona yuko sawasawa," ulimwambia mwalimu. "Hao wengine ndio wamemkimbia."

Basi, ulipoondoka, nyumba iliingiwa na ukimya. Na mkeo akaingiwa na kutotulia. Tunaandika haya kwa ruhusa yake. Alisema, "Andikeni, ila msinitie huruma," na tutajitahidi.

Mwaka mzima alikuwa hakaliki, Tegwyn. Anaketi kwenye kiti chake, anainuka. Anaketi kwenye chako, anainuka upesi zaidi. Anabandika birika, anatoka kwenda kuangalia kama barua imekuja, barabarani anakutana na mtu, akirudi birika limekauka na jikoni kumejaa moshi. Amehamisha kabati la vyombo hadi ukuta wa pili na kulirudisha. Amepanda basi la kwenda mjini na kushuka kituo kinachofuata, akarudi kwa miguu kwenye mvua, na alipoulizwa alikuwa anaenda kufanya nini alijibu kwamba hajui, na kwamba anayeuliza ana kazi gani za kufanya.

Alikuwa anakutafuta. Hilo tulilijua baadaye. Alizitoa kanda zote za kwaya, zile za tamasha na zile za mazoezi, akawa anazisikiliza sikio limegusa spika, arudishe nyuma, asikilize tena. Eluned, dada yako, alimkuta siku moja amepiga magoti sakafuni mbele ya redio.

"Unatafuta nini, wifi?"

"Namtafuta mume wangu."

"Si huyo hapo anaimba?"

"Wanaimba wote hapo. Yeye simpati."

Eluned akapiga magoti naye, akatega sikio, na ingawa ni dada yako wa kuzaliwa naye hakukupata. Uliifanya kazi yako vizuri mno. Sauti yako ilikuwa imezama ndani ya za wenzako kama sukari ndani ya chai, na hakuna popote duniani ulipoimba peke yako kwa kinasa sauti. Nesta alifunga redio akasema ulikuwa mchoyo. Kisha akalia, kwa hasira, jambo ambalo msibani hakulifanya.

Na pale ukutani lilining'inia koti lako la kwaya, lile la kijani kibichi lenye nembo mfukoni.

Utaratibu unaujua, umeutimiza mwenyewe kwa ajili ya wengine. Koti la marehemu hukaa kwake mwaka mzima, na nafasi yake katika safu haizibwi. Wenzake husimama wameacha pengo popote wanapoimba. Mwaka ukiisha, tamasha la kwanza, mtu wa nyumbani kwake hulileta mwenyewe na kumvika anayerithi nafasi. Asipolileta, pengo linabaki. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali popote, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Aliyengoja nafasi yako ni Clive. Hukupata kumjua vizuri. Ni yule Mwingereza aliyestaafu kazi ya kufundisha udereva akahamia nyumba ya kona, ile uliyoifumua bafu lake. Watu wamempa jina la Clive Breki, maana hadi leo akipanda gari la mtu mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu kila kona. Lugha yetu hajaimudu, lakini maneno ya nyimbo ameyameza yote kwa sikio, na ana besi ya kutikisa vikombe. Mwaka mzima amehudhuria mazoezi akiwa amesimama kando ya jiko, nje ya safu, hajawahi hata kwa bahati mbaya kuikanyaga nafasi yako.

Mwalimu Mererid, anayeiongoza kwaya, alikuja nyumbani mwezi wa Januari kumsemesha mkeo. Alikuja tena baada ya wiki. Mara zote mbili Nesta alimpa chai na hakumpa kiti.

"Nesta," alisema Mererid, "tunaimba hatuna sakafu."

"Emlyn je?"

"Emlyn akimaliza ubeti bila kukohoa tunamshukuru Mungu. Clive yuko tayari. Anachokosa ni koti tu."

"Akanunue."

"Unajua hatununui."

"Basi aendelee kusimama kando ya jiko. Kuna joto."

Mererid akaweka kikombe chini. Ni mpole yule, lakini si wa kukatiwa njia. "Mwaka unaisha Februari, mama. Tamasha letu la hapa ukumbini ni Februari. Watu watakuja kukusikia wewe unavyoamua kuliko watakavyokuja kutusikia sisi."

"Wamezoea umbea," Nesta akasema, akachukua kikombe hata hakijaisha.

Alipoondoka, Eluned alimuuliza wifi yake kinachomzuia ni nini, koti lenyewe limeshaliwa na nondo kwenye kola. Nesta alikuwa amesimama dirishani, akahamia mlangoni, akarudi dirishani.

"Siku mtu mwingine akisimama pale," alisema, "Tegwyn atakuwa amekufa kweli."

"Wifi, tulimzika."

"Nilikuwepo, asante."

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua. Pengo lile lilikuwa kitu cha mwisho duniani chenye umbo lako.

Jumamosi ya tamasha mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nesta alisema haendi. Mchana akasema ataenda kidogo. Jioni alitoka na mfuko wa sokoni, na koti limo ndani, tuliiona kola yake. Heulwen alipomuuliza, alisema analipeleka kwa dobi. Dobi hufunga saa sita mchana Jumamosi, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Ukumbi ulijaa, Tegwyn. Ungependa. Walikuwepo watu wa bonde zima, wazee wa machimbo na wake zao, watoto wamevuliwa viatu vilivyolowa, vikaanikwa kwenye mabomba ya joto, yale mabomba yako, yanayogonga bado kila yakipata moto. Meza ya chai ilisimamiwa na Eluned na vikeki vyake vya zabibu. Zawadi za bahati nasibu zilipangwa jukwaani, na ile chupa ya divai tamu ambayo imekuwa ikishindaniwa kila mwaka na hakuna anayeinywa ilikuwepo pia.

Nesta aliketi kiti cha mwisho karibu na mlango, koti la mvua mwilini limefungwa hadi kidevuni, mfuko magotini. Kwaya ikapanda. Wakajipanga, na pengo lako likaonekana, kati ya Emlyn Posta na ukuta, upana wa mabega yako kabisa. Clive alikuwa chini pamoja nasi, karibu na meza ya chai, midomo yake ikicheza kila wimbo bila kutoa sauti.

Wimbo wa kwanza ulipoisha Nesta alitoka kwenda kuangalia mvua. Akarudi. Akatoka tena kumtazama mtu ambaye hakuwepo. Mzee aliyeketi mbele yake akageuka.

"Mama, kiti kina misumari?"

"Kina watu wanaongea mbele yake," Nesta akamjibu, akaketi.

Kisha Mererid akautangaza wimbo wa Gwernan, ule uliotungwa na mwalimu mkuu wa shule yetu zamani za babu zetu, ambao nje ya bonde hili hakuna anayeujua. Wewe na sisi hatuhitaji kuelezwa, lakini anayesoma huenda hajausikia. Mwisho wa kila ubeti sauti zote za juu husimama kwenye noti moja, hazisogei, na besi ya pili peke yake ndiyo hushuka chini yake, ngazi kwa ngazi, hadi nyumbani. Hapo ndipo watu hulia. Na ndio wimbo ule uliokuwa ukiuvumisha kwa Bi. Olwen, akaapa kwamba ulinyamaza ukiwa umebakiza ngazi zile tu.

Wakaimba ubeti wa kwanza vizuri. Wakafika pale. Sauti za juu zikapanda zikasimama, zikangoja. Emlyn Posta alifungua kinywa, na kilichotoka ni kikohozi.

Chini ya wimbo hapakuwa na kitu. Tulisikia mvua juu ya paa, na bomba likagonga. Wale wanaume walishikilia noti yao hadi nyuso zikawaiva, wakaiachia ikaanguka hovyo. Ukumbi mzima ulijua. Hakuna aliyegeuka kumtazama Nesta, na kwa sababu hakuna aliyegeuka alijua kwamba wote wanamfikiria yeye.

Akasimama. Akachukua mfuko. Heulwen akamfuata, akamkuta ameshashika kitasa.

"Mama, usiende."

"Niache."

"Mvua, mama."

"Mvua naijua. Niache nitoke."

Nyuma yao Mererid alikuwa amegeuka kuwaelekea watu na kuinua mikono, kama ilivyo desturi, maana ubeti wa pili huimbwa na ukumbi wote. Watu wakasimama, viti vikaburuzwa, bonde zima likaimba. Mkeo alibaki ametazama mlango. Anasema mkono ulikuwa unasukuma kitasa na miguu haitaki. Anasema alikuwa akihesabu maneno yaliyobaki, akiona linakuja pengo lile kwa mara ya pili, na hakuwa na mahali pa kujificha.

Likaja. Watu wote wakasimama kwenye ile noti ya juu.

Na Nesta akaimba besi.

Hakuamua. Hajui hata sasa kama aliamua. Alifungua kinywa mlangoni pale, uso kwa ubao, na kilichotoka ndicho kitu pekee anachokijua katika wimbo ule, zile ngazi zako, kwa sauti ya mwanamke, nyembamba na yenye hasira. Ngazi ya kwanza aliishuka peke yake. Ya pili alikuwa na Heulwen, mtoto yule yule aliyetolewa kwenye kwaya ya shule. Eluned akaidaka kutoka meza ya chai, birika mkononi, kwa sababu naye alilelewa chumba kimoja na wewe. Wajukuu zako wakaingia bila kuambiwa, wao walidhani ndivyo wimbo unavyokwenda. Na Clive Breki, aliyesimama mbele ya kiti chake, aliyejizuia mwaka mzima, akashindwa kujizuia, akaja chini yao wote na besi ile ya kutikisa vikombe, na wakashuka pamoja hadi mwisho.

Nesta alisikia. Mwaka mzima amekusaka ndani ya kanda asikupate, kumbe alikuwa amekubeba kooni, yeye na sisi wote, tangu siku za viazi na kunyoa. Alituambia moyo ulimwenda mbio akadhani naye anakufa. Kisha akaona kwamba hapana, anaimba tu.

Mererid aliacha mikono juu. Hakuanzisha ubeti wa tatu. Watu wakaketi wakangoja, na safari hii waligeuka bila aibu.

Mkeo alitembea katikati ya viti akimwaga maji ya mvua kwenye magoti ya watu. Akasimama mbele ya Clive, akatoa koti kwenye mfuko, akalikung'uta.

"Vaa."

Clive akainuka, mrefu. "Bi. Bevan, nadhani litanibana. Sitaki kuliharibu."

"Nani kakuuliza? Nyoosha mkono. Na wa pili. Mungu wangu, umelelewa wapi wewe, mikono yote hii."

Mikono ya koti ilimwishia karibu na viwiko. Hakuna aliyecheka, au tuseme waliocheka walikuwa wanalia pia. Nesta alimfunga kifungo, akaisawazisha nembo kwa kiganja kama alivyokuwa akikufanyia wewe kila Jumamosi, akamsukuma kidogo.

"Nenda. Watu wanasubiri."

Akapanda. Akajipenyeza kati ya Emlyn na ukuta, na mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu. Halafu, kwa kutojua aiweke wapi mikono ile mirefu, akaingiza mmoja mfukoni, akatoa peremende zako. Mfuko huo Nesta hakuwahi kuupekua. Alikuwa ameogopa kuugusa. Clive alizitazama tu. Desturi yako hakuijua, kwamba kabla ya ubeti wa mwisho uligawa peremende safu nzima. Lakini mkono wa Emlyn ulikuwa umeshanyooshwa pembeni yake, kiganja wazi, macho mbele, kama ulivyonyooshwa kwako miaka yote. Clive akampa. Akampa na aliyemfuata.

Wakaimba ubeti wa tatu. Hatuna la kusema juu yake isipokuwa kwamba besi haikusikika kabisa. Ilikuwepo tu.

Nesta alikuwa ameketi kwenye kiti cha Clive, kilichokuwa bado na joto. Akafungua vifungo vya koti lake la mvua, akalivua, akaliweka chini. Alikaa wimbo ule na uliofuata, akakaa bahati nasibu nzima, akashinda ile chupa ya divai na hakuinuka kuifuata, ikaletwa. Tulipomwambia twende, alisema, "Kwani mna haraka gani?"

Anakukumbuka mkeo Nesta, ambaye birika lake sasa linachemka akiwa amekaa kando yake. Wanakukumbuka binti yako Heulwen na mumewe Ithel, wajukuu zako Non na Macsen, wanaoimba vibaya shuleni na hatuna nia ya kuwarekebisha, dada yako Eluned, na Bi. Olwen, ambaye sinki lake halivuji. Wanakukumbuka pia Mwalimu Mererid na wanaume wote wa kwaya, pamoja na Clive, anayeomba radhi kwa ajili ya mikono ya koti.

Ulipoishia tumepamalizia, Tegwyn. Pumzika. Sisi tuliobaki hatuujui hata wimbo mmoja usio na wewe ndani yake, tutakusahau vipi?